Kayole kwa Muhtasari

Binti yake alitukuta kwa ngazi, watu watano wa floor ya tatu, akauliza swali moja: "Kwani baba alikuwa anaishi aje hapa?"

Tukaangaliana. Jamaa wa namba 11 akasema alikuwa mtu mpole. Mama wa namba 16 akaitikia, kweli, hakuwahi kusumbua mtu. Mimi nikaongeza kwamba alikuwa anasalimia. Halafu maneno yakaisha. Nilikuwa nimeishi mlango wa tatu kutoka kwake miaka miwili na nusu, tumepanga foleni ya maji pamoja, nimewahi kumnunulia tokeni ya stima kwa simu yangu akanirudishia pesa mkononi kesho yake, na nilichokuwa nacho cha kumpa mtoto wake kingeingia kwenye meseji moja na nafasi ibaki.

Jina lake kamili tulilijua siku hiyo. Sitaliandika, ni la familia. Sisi tulimwita Soja, kwa sababu alikuwa analinda godauni Industrial Area usiku, na kwa ploti kama yetu kazi ya mtu inatosha kuwa jina.

Aliyekuwa na jibu la kweli alikuwa chini, kwa geti. Mama mboga alimkalisha yule binti kwenye kreti ya soda na kumpa baba yake kipande kwa kipande: kwamba sukuma aliitaka ikatwe nene, kwamba Alhamisi alikuwa hanunui kitu kwa sababu anafunga, kwamba mguu wa kushoto ulianza kuvimba kabla ya Pasaka na akakataa kwenda hospitali mpaka karo ya mtu fulani imalizike. Binti alikuwa ndiye huyo mtu fulani. Hapo ndipo alipolia.

Na ni mama mboga aliyegundua. Soja alikuwa anapita kwake kila asubuhi akitoka job, saa moja na kitu. Jumanne hakupita. Jumatano hakupita. Jumatano mchana akaacha kibanda bila mtu, akapanda mpaka kwa keteka, akamwambia, "Fungua hiyo mlango." Sisi wa floor ya tatu tulikuwa tumepita mbele ya mlango huo siku nzima na nusu, na ndoo za maji, na earphones masikioni.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikilifikiria jambo hili kwa lugha ambayo pengine haifai matanga, lugha ya rauta. Ndiyo niliyo nayo. Nilisomea mitandao ya kompyuta mpaka mwaka wa pili, karo ikanishinda, nikatoka. Baadaye nikapata kazi na kampuni ndogo ya wifi ya mtaa, hizi ambazo kebo zake zinaning'inia kutoka ghorofa hadi ghorofa kama kamba za kuanikia nguo. Huko ndiko nilikokutana kwa mikono na kitu nilichokuwa nimekikariri tu kwa ajili ya CAT: namna mashine zinavyoamua nani amjue nani, na kwa undani gani.

Nieleze kidogo. Rauta ina kazi moja: pakiti ikiingia, iamue itoke kwa mlango upi. Ili iamue vizuri lazima ijue barabara zilivyo, na kuna njia mbili za kujua. Ya kwanza ni ya kusikia. Jirani anakwambia, "Kupitia kwangu, kule ni hatua tatu," unaamini, na wewe unamwambia mwingine, "Kupitia kwangu ni hatua nne." ARPANET, mtandao wa Marekani ulioanza 1969 na ambao ndio babu wa intaneti, ulianza hivyo. Ubaya wake unaujua kama umewahi kuishi kwa ploti. Mmoja akikosea, wote mnabeba kosa lake, na kila mtu analisema kana kwamba aliliona mwenyewe.

Mwaka 1979 ARPANET ikahamia njia ya pili, ambayo wahandisi huiita ya hali ya viungo. Hapa kila rauta inaruhusiwa kusema tu kile inachokigusa: mimi ni fulani, majirani zangu ni hawa, kufika kwa kila mmoja kunanigharimu hivi. Basi. Habari za mtu wa tatu hazimhusu. Tangazo hilo husambazwa neno kwa neno, bila yeyote kulihariri njiani, mpaka kila rauta inalo. Mwishowe zote zina ramani moja, ileile, na kila moja inajipigia hesabu yake ya njia fupi. Hesabu yenyewe ni ya Mholanzi Edsger Dijkstra. Aliifikiria mwaka 1956 kwenye kahawa moja ya Amsterdam, kwa dakika kama 20 hivi alivyosimulia mwenyewe, bila karatasi wala kalamu, akiwa ametoka shopping na mchumba wake. Itifaki ya aina hii inayotumika sana leo inaitwa OSPF. Ilichapishwa mara ya kwanza 1989, na toleo ambalo sisi tulikuwa tunaliweka juu ya maghorofa ya Kayole limeandikwa kwenye waraka wa 1998 wa mtu anaitwa John Moy.

Niliipenda hiyo kitu, sitadanganya. Mtaani kila mtu ana habari za kila mtu mwingine na hana habari zake mwenyewe. Hapa kuna mashine zilizokubaliana kwamba utasema ulichoshika kwa mkono, na kingine utakipitisha kama kilivyokuja.

Pia zina salamu. Kwa kawaida, kwenye kebo za ndani kama zetu, rauta humwambia jirani "niko" kila sekunde 10. Zikipita sekunde 40 za kimya, jirani anatangaza kwamba huyu hayupo tena, na wote wanapiga hesabu upya. Saa ya mama mboga ilikuwa ndefu kuliko hiyo, ilihesabu asubuhi badala ya sekunde, lakini ilikuwa saa. Sisi wa juu hatukuwa na yoyote.

Mpaka hapo ungedhani somo ni jepesi, mjue jirani yako, tufunge na maombi. Lakini ramani moja ya watu wote ina bei, na bei hiyo ndiyo iliyonifanya niandike.

Kila kiungo kikikatika mahali popote, tangazo linasambaa kwa wote, na wote wanapiga hesabu upya. Rauta zikiwa 20, sawa. Zikiwa elfu, na mahali fulani kuna kebo mbovu inayowaka na kuzima kila dakika, mashine zote zitakesha zikichora ramani na hazitapitisha pakiti hata moja. Kuna kibaya zaidi ya hicho. Tarehe 27 Oktoba 1980 ARPANET yote ililala kwa masaa. Mashine moja ilikuwa na hitilafu ya memori, na kutokana nayo yakatoka matangazo matatu yenye namba za mpangilio zilizoharibika. Namba hizo zilikuwa zinazunguka kama saa ya ukutani, kwa hiyo kila tangazo lilionekana jipya kuliko mwenzake: la pili jipya kuliko la kwanza, la tatu kuliko la pili, la kwanza tena kuliko la tatu. Kila mashine ikapokea, ikaamini, ikapitisha, bila mwisho. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Yeyote aliyekuwa kwenye WhatsApp group ya mtaa usiku ambao kulisemekana kuna gari jeupe linaiba watoto anajua ninachosema.

Ndiyo maana OSPF inakata mtandao vipande vinavyoitwa maeneo. Ndani ya eneo lako unajua kila kitu: kila rauta, kila kebo, kila gharama. Nje ya eneo lako unajua muhtasari tu. Kati ya eneo na eneo kuna uti wa mgongo, Eneo 0, na sheria ni kwamba habari za eneo moja kwenda jingine lazima zipitie hapo, hata kama hayo maeneo mawili yamegusana ukuta. Mtu wa Nairobi haitaji kufafanuliwa hilo. Jaribu kutoka Kayole kwenda Kangemi kwa mathree bila kuingia tao.

Kukata ni jambo la kawaida kitu kikishakuwa kikubwa. Embakasi ilikuwa eneo bunge moja, kubwa hadi mbunge mmoja hangeweza kulijua, na kufikia uchaguzi wa 2013 likawa limekatwa mara tano. Kayole ikaangukia Embakasi ya Kati, nayo ndani ikagawanywa wadi: Kayole North, Kayole Central, Kayole South, Komarock, na Matopeni/Spring Valley. Sidhani aliyekata alikuwa anakataa kutujua. Kichwa cha mtu kina kipimo.

Sasa kuna mwanafalsafa, Peter Singer, Mwaustralia, ambaye mwaka 1972 aliandika insha inayowanyima wanafunzi wa falsafa usingizi mpaka leo. Anasema hivi, ukipita kando ya kidimbwi ukaona mtoto anazama, utaingia na nguo zako ziharibike, hutauliza. Basi mtoto anayekufa njaa mbali, unayeweza kumwokoa kwa gharama kama hiyo, ana tofauti gani? Umbali, anasema, haubadilishi wajibu. Nilipoisoma mara ya kwanza niliona amemaliza. Nilipoisoma tena baada ya Soja kufa nikaona kuna kitu anakiruka. Mtoto wa kidimbwini tayari umemwona. Nani alikuwa na kazi ya kumwona?

Rauta hapa ina adabu ambayo sikuigundua nikiwa darasani. Pakiti ikija ya mtu wa eneo jingine, haisemi "huyo simjui" ikaitupa. Inaipitisha kwa uangalifu uleule iliotumia kwa pakiti ya jirani wa karibu, hadi mpakani, kwa yule anayejua zaidi. Kwa hiyo kuna mambo mawili ambayo Singer ameyafunga kwa kamba moja, kumtumikia mtu na kumjua mtu. La kwanza halina mpaka, na hapo nakubaliana naye kabisa. La pili lina mpaka, kwa sababu asiyekubali mpaka ataishia kujua kila kitu juujuu na kutotumikia yeyote. Mimi huyu naweza kukueleza siasa za Marekani kwa kina, jimbo kwa jimbo. Nilikuwa sijui mguu wa Soja umevimba. Ramani yangu ilikuwa imechorwa kinyume, ya mbali kwa undani na ya karibu kwa muhtasari.

Lakini muhtasari nao una dhambi zake, na moja niliishika kwa mikono yangu.

Tulikuwa na rauta ya mpakani juu ya ghorofa moja karibu na Junction. Rauta ya aina hiyo ina mguu mmoja ndani ya eneo na mwingine kwenye uti wa mgongo. Badala ya kuwatangazia watu wa nje kila ploti ya Kayole mojamoja, yetu tuliipanga itangaze mstari mmoja: anwani zote za Kayole, leteni kwangu. Hivyo ndivyo inavyofanywa, ni kazi safi. Wiki ya mwisho ya Juni, mtu akachoma takataka chini ya posti kule upande wa Soweto, kebo ikayeyuka. Ndani ya eneo, rauta zote zilijua kwa sekunde. Nje, kimya. Unaona, ule mstari mmoja unaendelea kutangazwa mradi kuna hata anwani moja ndani ambayo ni nzima. Zingine zikifa, muhtasari haubadiliki. Pakiti za watu wa Soweto ziliendelea kuletwa mpaka mpakani vizuri kabisa, na pale zikatupwa. Wahandisi huliita shimo jeusi.

Wateja wakapiga simu ofisini. Ofisini skrini ilikuwa kijani. Jamaa wa kupokea simu akawa anawaambia, kwa adabu, "Kayole iko juu, hebu zima rauta yako uwashe tena." Masaa sita. Mmoja wao alikuwa mama mwenye saiba, na kama unajua saiba unajua wiki ya mwisho ya Juni, watu wanapanga foleni kufaili ritani kabla ya tarehe 30. Alipoteza pesa ya mwezi. Nilipofika kwake jioni na ngazi hakunitukana. Aliniambia tu, "Mimi nawaambia sina network, na nyinyi mnaniambia ninayo."

Kinachoniuma ni kwamba hakuna aliyemdanganya. "Kayole iko juu" ilikuwa kweli. Muhtasari ulikuwa sahihi na yule mama alikuwa gizani, vyote kwa wakati mmoja.

Nadhani hivi ndivyo mtaa wetu unavyotangazwa nje. Hospitali ipo, barabara ipo, maji yapo, kwa sababu mahali fulani ndani kuna mfereji mmoja unaotoa. Au upande wa pili, majambazi wapo, kwa sababu mmoja alipigwa picha. Niliwahi kuandika "Donholm" kwenye CV. Wewe usinicheke, nusu ya watu ninaowajua wameandika Donholm. Nilikuwa nimeandika ukweli kwa CV ya kwanza, na kwenye intavyuu, ofisi moja ya tao, mwanamke wa upande wa pili wa meza akaniuliza kama tunatembea usiku. Hakuwa mbaya. Alikuwa na mstari mmoja kuhusu Kayole na mimi nikawa ndani yake. Kazi sikuipata, labda kwa sababu nyingine.

Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira takatifu, na wiki hiyohiyo tukaitwa kwa kazi Soweto. Nikamwambia mwenzangu, "Twende asubuhi, jioni huko si poa." Sijawahi kulala Soweto hata usiku mmoja. Ni dakika kumi kwa mguu kutoka kwangu.

Hapo ndipo nilipoelewa sheria ambayo kwenye kitabu ni sentensi ya kawaida tu. Anayetoa muhtasari wa eneo lazima awe rauta ya mpakani, yaani lazima awe na ramani nzima ya eneo hilo ndani yake kabla ya kulifupisha. Huwezi kufupisha usichokijua kwa urefu. Ukifanya hivyo umerudi kwenye ile njia ya kwanza, ya kusikia. Na hata kile ulichokijua kwa kweli kina muda wake. Tangazo la OSPF husemwa upya kila dakika 30, na likifikisha dakika 60 bila kusemwa upya linafutwa, hata kama kilichosemwa bado ni kweli. Kuna watu wanaandika kuhusu Eastlands kwa kumbukumbu za 2004. Mimi naandika kuhusu Kayole kutoka keja ya Kayole, wahariri wananilipa kwa sababu hiyo hasa, mguu mmoja hapa na mguu mwingine kwa wasomaji wa kule. Nilijiona mpakani kabisa. Halafu binti akauliza baba yake alikuwa anaishi aje.

Kuna mtu ataniambia jawabu tayari lipo, linaitwa Nyumba Kumi. Baada ya shambulio la Westgate, Septemba 2013, serikali ilituletea mpango huo, wazo la kuazima Tanzania, ambako TANU ilianza miaka ya 1960 kuwapanga watu nyumba kumi kumi na balozi wao. Kwa karatasi ni eneo safi, nyumba chache, kila mtu anamjua mwenzake. Kwa nini basi kwa ploti yetu watu walikuwa wanafunga milango ikitajwa? Naona ni kwa sababu ya njia ambayo habari zilikuwa zinapita. Kwenye eneo la rauta, ninachosema kukuhusu nawe unakipata. Ramani yangu na yako ni moja, hakuna anayejua lililofichwa kwa mwingine. Nyumba Kumi, watu waliona habari zinapanda kwa chifu na hazishuki. Ukijulikana na mtu usiyemjua, hapo umechungwa, na ujirani bado haujaanza.

Na lazima niwe mkweli kuhusu upande mwingine. Watu wengi walikuja Nairobi ili wawe muhtasari. Kuna msichana wa floor ya pili aliyeniambia alitoka kwao kwa sababu kila mtu alijua lini amechelewa kulala. Hapa analipa kodi, anafunga mlango, ni "yule wa namba 7", na anasema ndio raha ya kwanza aliyowahi kuijua. Sina haki ya kumwambia anahitaji majirani wajue siku zake za kufunga. Pengine Soja naye alitaka hivyo. Aliishi usiku na kulala mchana, hakuna mtu anapanga maisha hivyo ili ajulikane. Hata ramani ya mama mboga haikuwa ya wote. Mimi hununua mboga supermarket nikishuka kwa mathree. Ningekosekana, sijui angeanza kuhesabu lini.

Lakini tazama kile salamu ya rauta inabeba. Karibu hakuna kitu. Haisemi siri, haisemi kilicho ndani. Inasema "mimi ni fulani, niko," na chini yake orodha fupi: hawa ndio majirani ambao nimewasikia. Hiyo orodha ndiyo yenye uzito. Rauta mbili haziwi majirani kwa sababu moja imesalimia. Mpaka kila moja ijione imetajwa ndani ya salamu ya mwenzake, uhusiano unabaki upande mmoja na hauhesabiki. Yaani, nimekusikia, na najua kwamba umenisikia.

Nilimsalimia Soja mara ngapi? Kila jioni nikirudi yeye alikuwa anatoka, amevaa lile koti la kijani. Nilikuwa nasema "niaje mzee" na earphones zikiwa ndani. Nikimwambia binti yake "alikuwa anasalimia" nilikuwa nimesema kitu ambacho sikuwa na ushahidi wake. Niliona midomo ikisonga. Kwa hesabu za OSPF, mimi na yule mzee hatukuwahi kuwa majirani.

Matanga yalifanyika kwao, na mchango wa ploti ulipita kwa keteka. Mimi nilitoa mia tano na kuandika, kwa sababu "wewe ndiye huandika", ukurasa wa historia yake wa kusomwa kaburini. Sehemu ya Nairobi niliiandika nikiwa nimekaa kwenye ile kreti ya soda, mama mboga akisema na mimi nikinakili. Nilijaribu kuongeza sentensi moja yangu mwishoni. Akasikiza, akasema, "Hiyo toa. Hiyo unaweza kusemea mtu yeyote."

Namba 14 ilikaa wazi wiki tatu, ikapakwa rangi, ikapata mtu. Kijana, godoro la nne kwa sita, spika kubwa. Jumamosi ya pili nikaenda nikagonga. Alifungua mlango kidogo, akaniangalia, akaangalia ile tisheti yangu ya kazi ya zamani ambayo sikuwa nimekumbuka kuivua.

"Wifi yangu iko sawa, boss," akasema. "Sijaripoti kitu."